Msingi Hauonekani: Mambo ambayo Maji Yalifundisha Wajenzi, toka Lukuga mpaka Kilwa



Katika mkutano uliopita tulibishana juu ya mfuko wa nyumba. Komite ilikuwa imeleta shauri hili: pesa inayoingia ianze kununua mawe ya msingi, simenti na kazi ya kuchimba mifereji, kiisha mabati ifuate. Mama mmoja akasimama, akasema: "Feza yote munataka kuzika mu udongo? Shiye tunalala na mvua juu ya kichwa, na ninyi munatuletea majiwe!" Watu wakapiga makofi. Sekretari hakupata jibu, na mimi niliyekaa karibu naye sikupata pia.

Swali la mama ni la haki. Shitingi tuliyorudi nayo kutoka Zambia imekwisha kupasuka siku nyingi. Mtu anayelala chini ya tundu hawezi kuambiwa asubiri. Lakini Komite iliniomba nijibu katika gazeti letu, na nimeona afazali nijibu kwa historia, kwa sababu wajenzi wakubwa wa dunia walibishana hivyo hivyo: pesa iende kwa kile kinachoonekana, ao kwa kile kisichoonekana? Maji ndiyo iliwajibu, na mara nyingine ilijibu kwa ukali.

Ziwa lenye mlango mmoja

Tuanze karibu na sisi, ku Tanganyika. Ziwa lile ni refu na lina kina cha kutisha, lakini maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka wa 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapo akaona mlango umezibwa na majani na matope. Mwaka wa 1876 Stanley akapita, naye akakuta maji hayatoki vizuri. Lakini aliona jambo lingine. Alipokuwa Ujiji mwaka wa 1871, kulikuwa miti mitatu inasimama sokoni. Aliporudi miaka mitano baadaye, miti ile ilikuwa ndani ya ziwa. Akaandika kwamba ziwa linapanda, na siku moja litavunja kizuizi kile.

Ikawa hivyo. Karibu na mwaka wa 1878 maji yakasukuma matope, yakafungua mlango. Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alipofika Lukuga mwaka wa 1879 alikuta mto unakimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba. Ziwa likaanza kushuka, na mpaka karibu mwaka wa 1894 lilikuwa limeshuka kama mita 10. Fikirini mita 10 ya maji juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600! Bandari ya Ujiji ikabaki mbali na maji.

Kilichotokea kinaeleweka. Katika miaka ya mvua kidogo, ziwa linashuka chini ya kizingiti cha mlango wake. Maji haitoki tena. Vijito vinaleta matope pale mlangoni, matete yanaota, yanashika matope mengine, na kila mwaka kizibo kinakuwa kigumu zaidi. Mvua ikirudi, ziwa linapanda nyuma ya kizibo kile miaka kwa miaka, pole pole, mpaka siku inakivunja. Mtu anayekaa kandokando anaona tu ziwa linapanda. Sababu iko mbali naye, chini ya majani, mahali hakuna mtu anayeangalia.

Kisha wakaja wajenzi. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka wa 1915, na mji wa Albertville, ndio Kalemie ya leo, ukakua kandokando ya maji. Ukanda ule ulionekana mkavu, tena mzuri kwa nyumba na magazini. Lakini ulikuwa umewahi kuwa wa ziwa. Katika mvua kubwa za mwaka wa 1961 mpaka 1964 ziwa likapanda tena. Na sisi wenyewe tumeona: mwaka wa 2021, tena 2024, maji ya Tanganyika iliingia ndani ya nyumba Kalemie, Uvira na ngambo kule Bujumbura. Watu walisema ziwa limetoka mahali pake. Historia inatuambia kinyume: ziwa lilikuwa linarudi mahali pake.

Lufira, 1930

Wanachama wetu wa Lubumbashi wanakula samaki ya Kapolowe. Samaki ile inatoka katika ziwa Tshangalele, na ziwa lile si la zamani. Union Minière ilipotaka umeme kwa viwanda vya shaba, ilijenga baraji ku Mwadingusha, pale mto Lufira unaangukia. Mashini zikaanza kuzunguka mwaka wa 1930. Nyuma ya ukuta maji yakatandaa juu ya bonde tambarare, yakafanya ziwa pana lisilo na kina kirefu. Leo wavuvi wanapiga nyavu pale ambapo babu zao walitembea kwa miguu.

Kwa upande wetu, mto Luvua unaotoa maji ya Mweru pale Pweto ulifanyishwa kazi pia: mwaka wa 1933 kiwanda cha umeme cha Piana Mwanga kilianza kutumikia machimbo ya bati ya Manono. Kwa hiyo maji yetu ya Mweru, kabla ya kufika Lualaba pale Ankoro, yaliwasha taa za Manono. Vita ilipokuja, mashini zikanyamaza. Kiwanda kinaweza kujengwa kwa miaka michache na kufa kwa usiku mmoja, lakini mto unaendelea kupita.

Nataja Mwadingusha kwa jambo moja. Kila mtu aliyepita pale anakumbuka ukuta na maporomoko. Ni nani anauliza juu ya bonde? Mahali tambarare, ukiinua maji kidogo tu, yanatembea mbali sana. Shikeni neno hilo, tutalirudilia tukifika Kilwa.

Kariba: mvua ya miaka elfu kumi

Sisi tuliokaa Kala na Mwange tunajua jina la Kariba, kwa sababu Zambia yote inalizungumzia kila mara umeme unapokatika. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1950, ku Zambezi, katikati ya Zambia na Zimbabwe za leo. Mchoro wa ukuta ulikuwa wa Mfaransa André Coyne, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote katika kazi ya baraji za upinde. Ukuta una urefu wa kwenda juu wa mita 128.

Wahandisi walikuwa wamepima mto. Walikuwa na hesabu ya maji ya miaka ya nyuma, wakakadiria furiko kubwa linaloweza kuja wakati wa kazi. Mwaka wa 1957 mto ukapita hesabu yao. Wakasema: hili ni furiko la mara moja katika miaka elfu. Mwaka uliofuata, 1958, likaja lingine karibu mara mbili ya lile, likaingia ndani ya ukuta wa muda uliokuwa unalinda kazi, likabeba na kilalo cha wafanyakazi. Sasa wakasema: hili ni la miaka elfu kumi. Watonga wa bonde walikuwa na maelezo yao: ni Nyaminyami, mwenye mto, amekasirika. Mimi sitaki kuamua kati ya wazee wa Tonga na wahandisi. Lakini naona kwamba wazee walikuwa wamesema mto unaweza kufanya hivyo, na karatasi za hesabu zilikuwa zimesema hauwezi.

Wahandisi wa Kariba, tuwape haki yao, walikubali kufundishwa. Baada ya mafuriko yale waliongeza milango ya kutolea maji, ikafika sita. Mlango wa kutolea maji hauzalishi umeme hata kidogo. Ni pesa inayowekwa kwa siku ambayo unaomba isifike. Kiisha, maji yaliyoanguka kutoka milango ile yalichimba mwamba chini ya ukuta, miaka nenda miaka rudi, mpaka shimo likafika kama mita 80 kwenda chini. Ndiyo maana toka mwaka wa 2017 kazi kubwa ya kutengeneza shimo lile ilianzishwa, kwa mamilioni ya dola. Ukipita juu ya ukuta huoni kitu. Hatari ilikuwa inakua chini, ndani ya povu.

Kuna kitu kingine cha Kariba ambacho sisi, kama watu waliokimbia na kurudi, hatuwezi kuruka. Watu karibu 57,000, Watonga wa pande zote mbili, waliondolewa kwenye bonde la Gwembe. Walikuwa wanalima kandokando ya mto, mahali udongo unapata maji mara mbili kwa mwaka. Wengine walipelekwa Lusitu, mbali, mahali pakavu. Wale wa chifu Chipepo walikataa kupanda lori, na mwezi wa 9 wa mwaka wa 1958 polisi ikapiga risasi pale Chisomo, watu 8 wakafa. Wakati maji yalipoanza kupanda, magazeti ya dunia yalijaa picha za wanyama wanaookolewa kwa mitumbwi: swala, nyani, hata nyoka. Kazi ile ilipewa jina la Nuhu, na iliokoa wanyama elfu kadhaa. Ni kazi nzuri. Lakini Mtonga aliyeshushwa Lusitu na sufuria yake hakupigwa picha.

Ninasema hivi kwa wafadhili wetu pia, kwa upendo. Kile kinachopigwa picha si lazima kiwe kile kinachohitajika.

Usiku wa Malpasset

Wakati Kariba inamalizika, Coyne alikuwa na ukuta mwingine kwao Ufaransa, mdogo zaidi, karibu na mji wa Fréjus. Unaitwa Malpasset. Ulijengwa kati ya 1952 na 1954, upinde mwembamba wa betoni, mzuri sana, mita 66 kwenda juu. Kazi yake ilikuwa kuwapa wakulima maji ya kumwagilia. Miaka mitano bwawa halikujaa, kwa sababu mvua ilikuwa kidogo na kwa sababu ya mabishano juu ya mashamba yaliyotakiwa kuchukuliwa.

Mwisho wa mwaka wa 1959 mvua kubwa ikanyesha. Bwawa likajaa kwa mara ya kwanza. Chini ya ukuta, upande mmoja wa bonde, maji yakaanza kuvuja kutoka kwenye mwamba. Watu waliona. Kulikuwa njia ya kufungua mlango wa chini na kupunguza maji, lakini mbele kidogo kulikuwa kazi ya kujenga kilalo cha barabara kubwa mpya, na waliogopa maji yataharibu nguzo zake. Wakasubiri. Tarehe 2 Desemba, saa kumi na mbili ya magaribi, mlango ukafunguliwa. Saa tatu na dakika chache usiku, ukuta ukapasuka wote mara moja. Maji yakashuka bonde, yakafika Fréjus kama dakika 20 baadaye. Watu 423 wakafa.

Wachunguzi walipotafuta kosa, hawakulipata kwenye betoni. Betoni ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa chini yake: upande wa kushoto, mwamba ulikuwa na nyufa na tabaka zinazoteleza, na haukuwa umechunguzwa inavyotakiwa. Maji ya bwawa iliingia ndani ya nyufa zile, ikasukuma mwamba kutoka chini, ukuta ukainuliwa kama mlango unaong'olewa kwenye bawaba. Coyne alikufa mwaka uliofuata, 1960.

Toka siku ile wajenzi wa baraji walibadilisha desturi. Wanatoboa mwamba, wanapima nguvu ya maji ndani yake, wanaweka njia za kuyatoa kabla hayajasukuma. Hata Kariba iliguswa: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ubavu wa kusini wa ukuta ule uliimarishwa kwa betoni iliyomwagwa ndani ya mlima. Pesa nyingi ikazikwa mahali hakuna mtalii atakapoiona kamwe. Ndiyo ile pesa ya "kuzika mu udongo" ambayo mama wetu alisema. Na mpaka leo Kariba inasimama.

Alama ya mwaka wa 1961

Si kila somo ni la kuta kubwa. Kinshasa kuna kipimo kando ya mto, fimbo yenye namba, na watu wanaisoma kila siku toka mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka wa 1961 mto Kongo ulifika mita 6.26. Tarehe 10 Januari 2024 ukafika mita 6.20, sentimita sita tu chini ya alama ile. Nyumba zilizama, kwa mfano Kinsuka, na mitumbwi ikapita mahali magari yanapita. Lakini kwa sababu namba za zamani zilikuwa zimeandikwa, watu wa Régie des voies fluviales waliweza kuonya kabla ya mwisho wa mwaka wa 2023: furiko la namna ya 1961 linakuja. Wale wanaojenga chini ya alama ya 1961 sasa hawawezi kusema hawakujua.

Tena tukumbuke Kalehe, Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023 mito midogo ilishuka kutoka milimani ikabeba Bushushu na Nyamukubi, na mawe na miti na nyumba. Zaidi ya watu 400 walizikwa. Pale hakukuwa baraji ya kupasuka. Kulikuwa milima iliyokatwa miti, na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya vijito vilivyoonekana vidogo. Wazee wanasema maji haisahau njia yake. Sisi ndio tunasahau.

Sasa Kilwa

Turudi kwetu. Mweru, sawa na Tanganyika, ina mlango mmoja wa kutokea, ile Luvua ya Pweto. Lakini Mweru haina kina cha Tanganyika. Mahali pengi ni mita saba ao nane tu, na pale pa kina kirefu zaidi ni kama mita 27. Maana yake ni ile niliyosema juu ya Tshangalele: ziwa la namna hii likipanda kidogo, linatembea mbali juu ya nchi kavu. Tena maji yake mengi yanaletwa na Luapula, na Luapula inatoka katika matope makubwa ya Bangweulu. Matope yale ni kama sifongo: yanakunywa mvua, yanaiachilia pole pole. Ndiyo maana mvua inaweza kukatika juu ya paa zetu, tukashangilia, na ziwa likaendelea kupanda. Anayepima hatari kwa kuangalia mawingu ya Kilwa peke yake anakosea. Maji yetu yanaanzia mbali.

Wengi wetu tulirudi kutoka Kala na Mwange kuanzia mwaka wa 2007. Tuseme kweli: waliorudi kwanza walipata lupango za juu, na waliochelewa walipata zile zilizobaki, chini, karibu na mitumbwi. Si kosa la mtu. Lakini leo waliochelewa ndio wenye ziwa mlangoni, na ndio mara nyingi wajane na wenye watoto wengi.

Mimi mwenyewe niliporudi nilifanya kama kila mtu. Nilipiga matofari ya udongo, sikuyachoma, nikainua ukuta, na pesa yote niliyokuwa nayo ikaenda kwa mabati. Nyumba ilingaa. Nilijisikia mtu kamili. Msimu wa pili wa mvua ukuta wa nyuma ukaanguka usiku. Watoto walikuwa wanalala upande wa mbele, na kwa hiyo ninaandika barua hii nikiwa na amani. Ziwa halikufika kwangu usiku ule. Ilikuwa maji ya paa langu mwenyewe.

Hapa nimwombe mama yetu anisikilize, maana hesabu hii ndiyo jibu langu. Chukua nyumba yenye paa la mita 6 kwa 8. Mvua moja nzito, ya milimita 50, inaangusha juu ya paa lile litre 2,400. Ni bidoni 120 za litre 20. Paa la majani linakunywa kidogo na linaachia pole pole, tone kwa tone. Bati halinywi kitu. Inamwaga bidoni zote 120 kwa saa moja ao mbili, palepale kwenye miguu ya ukuta, upande kwa upande. Kama ukuta umesimama juu ya udongo, bila mawe, bila mfereji, udongo unalainika, tofari la chini linakuwa uji, na lile la juu linafuata. Kwa hiyo bati bila msingi inaharakisha kuanguka kwa nyumba. Tumpe mtu mabati peke yake, tutakuwa tumemzidishia maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Coyne alilijua hilo kwa njia ya uchungu, nami nililijua kwa njia ya uchungu mdogo zaidi.

Tunachoomba

Hatusemi watu waendelee kunyeshewa. Baada ya kufikiri, Komite inaleta shauri lililorekebishwa, nalo litapigiwa kura katika mkutano ujao.

Kwanza, msingi na mabati vitaenda pamoja, kwa nyumba ileile, na hatutafanya tena mwaka wa mabati na mwaka wa mawe. Tutafanya nyumba chache, lakini kila moja iwe kamili: mawe mpaka kwenye goti, mfereji unaozunguka na kupeleka maji mbali na jirani, kiisha paa lenye kutokeza nje vizuri ili maji isiguse ukuta. Orodha itaanza na lupango za chini. Wale wa juu tunawaomba uvumilivu, na tunajua si neno jepesi.

Pili, kazi ya mifereji ni ya salongo. Mfereji wa mtu mmoja unaoishia ku mlango wa jirani ni ugomvi. Kila barabara ichague siku yake, watu watoke na majembe, na wavulana wa Lubumbashi wanaokuja likizo wasikae tu ku bandari kuangalia mitumbwi.

Tatu, alama. Hii haihitaji pesa nyingi: mifuko michache ya simenti na kopo la rangi. Kati yetu kuna wazee waliokuwa watoto ao vijana katika mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960. Wanajua maji ya Mweru ilifika ku mti gani, ku nyumba ya nani. Tutatembea nao, mzee mmoja mmoja, kila mtu peke yake kwanza ili wasifuatane kwa maneno. Pale maneno yao yanakutana, tutasimamisha nguzo ya betoni na kuandika mwaka. Baadaye kila mwezi wa tano mwanafunzi mmoja atasoma maji yamefika wapi na kuandika katika daftari ya chama. Kinshasa ina fimbo yake, na Kilwa inaweza kuwa na nguzo yake. Lakini tufanye mbio. Toka tulipoanza chama hiki tumezika wazee wengi, na kila mmoja amekwenda na alama yake kichwani.

Na ninyi wafadhili, neno moja. Tunajua kwamba ninyi pia munatoa hesabu kwa wengine, na kwamba picha ya paa linalongaa inasaidia kupata msaada mwingine. Picha ya shimo lenye mawe haipendezi. Tunawaomba mukubali picha ile. Tutawatumia: shimo, mawe, mama mwenye lupango anasimama kando na matope mpaka ku magoti. Mwaka wa tano tutawatumia picha ingine ya ukuta uleule ukiwa bado unasimama.

Kwa mama aliyeuliza swali: asante. Bila wewe tungeendelea kusema "msingi, msingi" bila kueleza. Ukikuja ku mkutano ujao, tafazali kaa mbele. Jina lako ni la tatu ku orodha ya lupango za chini, na mawe yako yamekwisha kufika, yanakaa nyuma ya nyumba ya sekretari. Kuja kuyaangalia.

Tuendelee kusaidiana.